Kazi ya Kuhamisha Watu na Koti la Mama Nuala

Vijana wangu mnaobeba makabati ya watu, naanza na soksi.

Mkifungua kabati la mtu ili lipite mlangoni, skrubu zake msizitie mfukoni. Mfuko una funguo, una chenji, una tundu. Zitieni kwenye soksi kuukuu, pigeni fundo, kisha hiyo soksi ifungeni kwenye mguu wa kabati lenyewe. Kabati likifika, na skrubu zimefika. Nimewahi kuona kitanda cha maharusi kimefungwa kwa kamba wiki nzima ya kwanza ya ndoa, kwa sababu kijana mwenye skrubu alipanda teksi kwenda Pretoria nazo mfukoni. Hilo la soksi nilifundishwa na Papa Kasongo. Hakunieleza kwa maneno. Alinivua soksi yangu mguuni, akaifunga.

Mimi ni Shomari, mtu wa Tanga. Shule niliiacha darasa la tano, na si kwa utundu. Nilitaka kujua malori ya mkonge yanaishia wapi. Nikafuata lori mpaka bandarini, na pale bandarini nikaona kuna swali jingine, kubwa zaidi. Tangu hapo nimefuata maswali. Mombasa nilipaka rangi, Lubumbashi niliuza betri za redio, Lusaka nilipika kwenye hoteli ya madereva, Harare nilitengeneza miavuli. Johannesburg nilikuja kuangalia tu. Mwaka 2015 nilianza kazi ya kuhamisha watu, na mwaka 2019 mgongo ulinistaafisha bila kuniuliza. Ni miaka michache, najua. Lakini hakuna kazi nyingine niliyoifanya muda mrefu kuliko hiyo, kwa hiyo niacheni nijiite mstaafu.

Papa Kasongo nilikutana naye Marshalltown, kwenye robot, ndizo taa za barabarani za huku. Pikapu yake ilikuwa imebeba kochi, na kochi lilikuwa linateleza kwenda kwa wauza soksi na chaja wa kando ya barabara. Nilikuwa napita. Nikalisukuma, likarudi. Akatoa kichwa dirishani, mtu mnene wa Lubumbashi mwenye kofia ya sufu.

"Weye uko na nguvu?"

"Kiasi."

"Uko na akili?"

"Kiasi."

"Bon. Panda."

Hayo ndiyo yalikuwa mahojiano yangu ya kazi.

Alinifundisha mambo ambayo ninyi mnayaacha siku hizi kwa sababu mna vitoroli vya magurudumu matatu na mikanda ya mabegani. Kwenye ngazi, mtu wa chini ndiye mwenye uzito, wa juu ndiye mwenye macho. Wa juu asiposema "kona", wa chini ataijua kwa goti. Friji lisilazwe, na likilazwa, likifika msiliwashe papo hapo. Liacheni lisimame, litulie kwanza, kama abiria aliyeshuka basi la mbali. Balbu moja iwe mfukoni kila siku, kwa maana mji huu mpangaji akihama huhama na balbu zake, na mtakuta mama anaingia kwenye nyumba mpya akipapasa kuta. Mkimwekea balbu, atawapenda kuliko wajomba zake.

Na siku ya kuhama msiingilie ugomvi wa mtu na mkewe. Watu waliovumiliana miaka watagombana siku hiyo kwa ajili ya kijiko cha mbao. Ninyi tazameni dari.

La kupima nalo msilisahau. Kulikuwa na kinyozi mmoja wa Burundi aliyehamia Bellevue, kwenye moja ya zile nyumba za zamani zilizogawanywa vyumba vyumba. Alikuwa na kochi la watu wanne. Nikamwuliza Papa Kasongo kama tulipime kwanza. Kinyozi akadakia, "Litapita tu, wazee wangu." Likapita ngazi za kwanza. Kwenye kona ya ngazi likakwama, halikwenda mbele wala halikurudi nyuma.

"Tufanyeje, Papa Kasongo?"

"Tulikalie kwanza."

Tukalikalia. Msusi wa ghorofani akashuka, akaona hana njia, akakaa naye. Mteja wake akapanda, akakuta msusi yuko pale, akakaa akaanza kusukwa. Jamaa wawili wakaleta simu inayoonyesha mechi ya mpira, nao wakabanana pembeni. Saa sita mchana kochi lilikuwa limejaa na kinyozi mwenyewe hana pa kukaa, amesimama ngazini akisema "eish, eish" kama aliyezaliwa Soweto. Mwisho akakata tamaa: "Basi, libaki." Nasikia lipo mpaka leo, na wapangaji wapya wanadhani jengo lilijengwa nalo.

Kwa hiyo pimeni kochi kwa mikono yenu, kisha pandeni ngazi mikono ikiwa imetanuliwa vile vile, kama sanamu ya kutishia ndege shambani. Watu watawacheka. Wacheni wacheke.

Lakini hayo yote ni ya mizigo, na ninayotaka kuwaambia hasa ni ya watu. Mzigo ukishushwa umefika. Mtu hushuka garini na bado hajafika. Hili sikulijua mpaka nilipomhamisha Mama Nuala.

Kabla yake nilikuwa nimeona vituko vya siku ya kwanza ya kila kabila. Mwanamke mmoja wa Unguja hakuturuhusu kushusha hata sufuria kabla hajafukiza ubani vyumba vyote, na sisi tumesimama uani na godoro kichwani. Wakongo huja na mchungaji, na wimbo wa kwanza huanza tukiwa bado tumeshika friji. Papa Kasongo huimba sauti ya pili huku akitokwa jasho. Jirani yangu Mzulu alichoma majani yake makavu, impepho, akazungumza na wazee wake kwa upole, akawaambia wamehama. Vijana wa chuo huwasha muziki kabla ya kuwasha taa. Nilidhani kila mmoja anafuata dini yake au ujana wake. Sikuona kwamba wote wanafukuza kitu kimoja.

Mama Nuala alikuwa mzee wa Ireland. Alikuja mji huu msichana, nesi, akaolewa, akafiwa, akabaki na nyumba Bellevue. Weupe wenzake walipohama mtaa mmoja mmoja, yeye hakuhama. Alianza kupangisha vyumba. Kwake walipita wasusi na mafundi cherehani wa Kongo, wafanyabiashara wa Dar es Salaam, walinzi wa Burundi. Wote walimjia kwa mlango wa jikoni, na kwa kuwa ndivyo walivyolelewa, walisimama nje wakaita "Hodi!" Naye akajifunza kujibu. Kiswahili chake kilikuwa cha mlango wa jikoni: karibu, pangusa miguu, funga, baridi, chai. Zaidi ya hapo aliongea Kiingereza, na mimi hapa nawapa maneno yake kwa lugha yetu.

Magoti yalipomkataza ngazi, aliiuza nyumba, akachukua fleti Braamfontein. Alichagua mwenyewe. Kuna lifti, mabasi yanapita chini, na wanafunzi wa chuo wamejaa mtaani. Alisema anapenda kuwaona wakichelewa. Mpwa wake, Clare, mama wa makamo anayeishi Durban, hakupenda. Alikuwa ameshamtafutia nafasi kwenye nyumba ya kutunzia wazee karibu naye kule pwani. Wakapatana hivi: Clare atakuja Alhamisi kusaidia kuhama, atakaa mpaka Jumapili. Jumapili hiyo, shangazi akiwa ametulia, Clare atarudi peke yake. Asipotulia, wataondoka pamoja.

"Sina ubaya naye," Clare alituambia pembeni, na nilimwamini, macho yake yalikuwa mekundu. "Lakini sitamwacha kwenye ghorofa akikaa kama abiria."

Na Mama Nuala naye alinivuta mkono jikoni kwake, siku tunafunga vyombo. "Shomari, Durban ni pazuri. Bahari, hewa, watu wapole. Nikipelekwa kule nitakufa kwa upole. Nifanyieni kazi nzuri."

Basi tukaifanya nzuri kupita kiasi.

Wazo lilikuwa langu. Siku hizo nilikuwa nimepata simu yenye kamera nzuri, nikawa napiga picha kila kitu, mpaka vidole vya Papa Kasongo. Nikapiga picha kila chumba cha Bellevue kabla hatujagusa kitu. Tukaenda nazo Braamfontein, na tukapanga fleti kama picha zilivyo. Kiti chake kushoto, taa mkono wa kushoto wa kiti, picha ya marehemu juu yake, kabati la vitabu nyuma. Vikombe kwenye kabati karibu na jiko, rafu ya pili. Hata mswaki tuliuelekeza kulekule. Papa Kasongo akarudi nyuma, akaangalia, akachekea tumboni.

"Mama hatajua kama amehama."

Akaingia. Ilikuwa Julai, baridi kali ya huku ya kukausha midomo, na alikuwa amevaa koti lake la kijivu lenye vifungo vikubwa. Akaenda moja kwa moja kwenye kiti, akakaa, akanyosha mkono wa kushoto bila kuangalia, akashika taa. Taa ilikuwepo. Akatabasamu. Kisha akainua uso kutazama dirishani, kama alivyofanya miaka yote, na pale dirisha lilipokuwa Bellevue, hapa palikuwa na ukuta. Dirisha lilikuwa nyuma yake. Akatazama taa tena, na sasa aliitazama kama mtu aliyesalimiwa barabarani kwa jina na mtu asiyemjua.

Akasogea mpaka ukingoni mwa kiti. Akashika kola ya koti lake.

"Mama Nuala, kuna kilichovunjika?" nikauliza.

"Hakuna. Ni kazi nzuri sana, Shomari. Ndiyo inayonitisha." Kisha akasema neno ambalo sikuwahi kulisikia. "Aduantas."

"Ni ugonjwa?" Papa Kasongo akavua kofia.

"Hapana, Kasongo. Ni neno la kwetu, la Kiirishi. Ni hali inayokupata ukiwa mahali pageni, kati ya vitu visivyokufahamu. Si woga, maana hakuna cha kuogopa. Si hamu ya nyumbani, maana huenda nyumbani hukupapenda. Ni ngozi inajua kwamba hapa si pako, kabla kichwa hakijajua."

"Na dawa yake?"

"Wazee wangu waliacha neno," akasema. "Dawa hawakuacha."

Clare alimwomba avue koti, kwa kuwa hita ya kupashia chumba joto ilikuwa imewashwa. Akasema baadaye. Ijumaa nilirudi na rafu moja ya kabati tuliyoisahau kwenye pikapu. Niseme kweli, rafu ingeweza kungoja, nilitaka kuona. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kile kiti, ndani ya koti, na mkoba mapajani.

Mnanijua. Neno likinishika haliniachi. Nikalizungusha Bellevue nzima. Kwa kinyozi mwingine, Mtanga mwenzangu, nikaeleza vizuri, ngozi na kichwa na yote.

"Huo ni ugeni tu, Mzee Shomari," akasema, akinipuliza nywele shingoni.

"Ugeni una pilau ndani yake. Mgeni hupewa kiti kizuri. Hili halina pilau."

"Basi ni upweke."

"Clare yupo naye siku nzima."

"Basi mwenzangu labda ni kichaa chako wewe." Saluni nzima ikacheka.

Msusi mmoja wa Bukavu, aliyewahi kupanga kwa Mama Nuala, yeye hakucheka. Alisema, kitana mkononi, kwamba mwezi wake wa kwanza hapa alilala na viatu. Hakuwa na sababu. Alilala navyo tu.

Nikatoka pale nikitembea polepole. Kwa sababu mimi pia nilikuwa na la kwangu. Kila mji nilioingia, wiki ya kwanza, vinyweleo vya mikono vilisimama, na kila mara nilidhani ni mji wenyewe una kasoro. Lusaka ina vumbi. Harare ina kimya. Nikafunga mfuko, nikaenda mbele. Watu waliniita msafiri, na mimi nikapenda jina hilo. Kumbe dawa yangu ilikuwa kuondoka. Ni dawa, siikatai, lakini ukiwa na miaka themanini na magoti mabovu, dawa hiyo haikufai.

Jumamosi Clare akapiga simu. Tuje Jumapili asubuhi, tupakie vya muhimu. Sauti yake haikuwa ya mshindi hata kidogo.

Papa Kasongo ndiye aliyeendesha. Tulipokaribia Braamfontein akasema, "Sisi njo tulikosea. Tulimutengenezea nyumba yake ya zamani, lakini iko maiti."

Sasa sikilizeni hapa, ndipo penye kazi.

Sisi wahamishaji hatupigi hodi. Mnajua wenyewe. Tuna tofali letu ndani ya pikapu, na tukifika tu tunalitia mlangoni, mlango unakaa wazi tangu asubuhi mpaka tumalize. Tunaingia na kutoka kama kwetu, tunapiga kelele, tunakunywa maji ya bomba bila kuuliza. Siku ya kuhama nyumba ni yetu. Na tukimaliza tunachukua tofali, tunasema "sharp", kwaheri ya vijana wa huku, tunaondoka na mlango bado uko wazi. Alhamisi tulifanya hivyohivyo.

Jumapili tulikuta mlango umefungwa. Clare alikuwa ameshuka kuleta gari, na masanduku mawili yalikuwa tayari kwenye korido. Papa Kasongo alikuwa na tofali mkononi. Mimi nilisimama mbele ya mlango ule uliofungwa, mwenye nyumba yuko ndani, na mdomo wangu ukafanya kile ulichofundishwa Tanga kabla sijajua kusoma.

"Hodi!"

Kimya. Papa Kasongo akaona nimebaki peke yangu, akanisaidia kwa namna ya kwao: "Ko ko ko!"

Kimya tena. Kisha tukasikia kiti kimelia sakafuni, na ile sauti ya jikoni Bellevue, sauti ya juu, yenye amri.

"Karibu! Pangusa miguu!"

Tukapangusa miguu. Hakukuwa na zulia la mlangoni, tulipangusa sementi, lakini tulipangusa. Akafungua mwenyewe. Koti mwilini, mkoba mkononi, lakini amesimama.

"Mmekuja kunichukua," akasema.

"Tumekuja kukusalimu kwanza, Mama."

Akatutazama mmoja mmoja, na tofali letu. "Basi kaeni. Siwezi kuwaacha wageni wamesimama. Chai?"

"Ukituuliza hivyo hatukatai," nikasema.

Akaweka mkoba chini ili ashike birika. Akafungua kabati karibu na jiko, rafu ya pili, kama picha ilivyosema. Makabati ya fleti ile yako juu. Akanyosha mkono, haukufika. Akajinyosha tena.

"Nani ameweka vikombe huku juu? Twiga?"

"Picha ndiyo iliyoviweka, Mama," nikasema.

"Picha haina mabega yangu. Shusha!"

Nikashusha. Akasema viwekwe kwenye droo ya chini. Nikauliza, vikombe kwenye droo? Akasema, "Hapa ni kwangu au kwako?" Papa Kasongo akanifinya mgongoni. Na mimi nilikuwa nimelisikia lile "kwangu", lakini nilitazama dari, kama nilivyowafundisha.

Chai ikamiminwa. Akaja nayo, akakuta hakuna mahali pa kuwekea kikombe cha mgeni, kwa maana Bellevue wageni walikaa jikoni, na sebule ile ilipangwa kwa mtu mmoja tu. "Leteni ile meza." Tukaileta. "Na hicho kiti, kwa nini kinatazama ukuta?"

"Bellevue kilikuwa kinatazama dirisha upande huo."

"Na hapa dirisha liko wapi, Kasongo?"

"Liko nyuma, Mama."

"Basi kigeuzeni! Mimi nimelipia mabasi yale niyaangalie."

Tukageuza kiti. Taa ikawa upande mbaya, tukahamisha taa. Kabati la vitabu likaziba njia ya mgeni, tukalisukuma mpaka ukutani, na ule ukuta uliomtisha Alhamisi ukafunikwa na vitabu. Picha ya marehemu akaibeba mwenyewe, akaijaribu hapa, akaijaribu pale, akamwambia mumewe, "Na wewe usininunie." Kitanda nacho tukakizungusha. Papa Kasongo alikuwa anatweta na kufurahi.

"Eh! Mama sasa iko na amri kama jenerali!"

"Jenerali hunywa chai yake moto," akasema. "Joto gani hili?" Akafungua kifungo kimoja, akafungua cha pili, akalivua lile koti, akanipa kama mtu anavyompa mtu koti, bila kufikiri.

Nikataka kuliweka kwenye kiti.

"Si hapo. Kuna msumari nyuma ya mlango."

Nikageuka. Nyuma ya mlango hakukuwa na msumari. Msumari ulikuwa Bellevue. Naye akakumbuka wakati uleule niliokumbuka mimi, nikaona mkono wake unarudi taratibu kulichukua lile koti. Chini basi lilipita.

Papa Kasongo akapiga magoti kwenye kabati la nguo, akaifungua ile soksi ya skrubu kwenye mguu wa kabati. Ndani ilibaki skrubu moja. Kila kabati likifungwa upya hubaki skrubu moja, msiniulize kwa nini, na kabati halianguki. Akaichukua, akaizungushia nyuma ya mlango kwa bisibisi yake ya mfukoni, akijikaza, ulimi nje.

"Hapa, Mama? Ao juu kidogo?"

Mama Nuala akafikiri. "Chini kidogo. Mabega yangu."

Nikatundika koti.

Clare akafika akiwa na funguo za gari mkononi, akaingia moja kwa moja. Alitukuta sote watatu tumekaa, vikombe mkononi, kila kitu kimegeuzwa.

"Clare, mwanangu," Mama Nuala akasema, "hata hodi?"

Clare hakuelewa. Shangazi yake akamwonyesha mlango kwa kijiko. Basi yule mama mzima, amechoka, na safari ya Durban mbele yake, akarudi nje, akavuta mlango. Koti likayumba kwenye skrubu. Akagonga.

"Karibu," Mama Nuala akaita. "Pangusa miguu."

Alipoingia mara ya pili, mlango ulipojifunga nyuma yake, aligeuka akaliona koti. Aliligusa mkono, akausawazisha. Akakaa, akapewa chai, akainywa mpaka akaimaliza. Kisha akatuambia, bila kututazama, "Yale masanduku mawili ya korido. Yarudisheni ndani, tafadhali." Alilia kidogo lifti ilipokuja kumchukua, akamwahidi shangazi simu kila siku, na ahadi hiyo aliitimiza mpaka Mama Nuala akawa analalamika kwetu kwamba anakatizwa kusikiliza redio.

Sitawadanganya kwamba ile hali haikurudi. Nilimtembelea mara nyingi, akaniambia kuna asubuhi inamkuta bado. Akiiona hivyo anaweka birika, anakaa akitazama mlango, na kwa kawaida mtu hutokea. Wanafunzi wa fleti za jirani walishajifunza kuita hodi, hata wale wasiojua ni neno la wapi.

Basi hii ndiyo kanuni niliyoiacha kwenye pikapu ile, nami nawaachia ninyi. Msinakili nyumba ya zamani. Ulizeni, halafu wekeni vibaya kidogo, mwenyewe apate cha kuwagombeza. Na mkishamaliza, chukueni tofali, tokeni nje wote, fungeni mlango. Kisha pigeni hodi. Mwacheni yeye awe wa ndani. Wengine watasema karibu, wengine watasema kwa lugha zao. Jamaa mmoja aliyehamishia ofisi yake Marshalltown alitufungulia akauliza tumesahau nini. Tukamwambia tumesahau kumsalimu. Alicheka, lakini alitukaribisha, na niliona mabega yake yameshuka.

Mgongo uliponishinda mwaka 2019, wengi walidhani nitafunga mfuko niende mji mwingine. Hata mimi nilidhani. Badala yake nikachukua chumba cha chini Bellevue, karibu na ile ngazi yenye kochi. Papa Kasongo alinihamisha. Mzigo wenyewe ulikuwa mfuko mmoja, birika na godoro, alivibeba kwa safari moja huku akinisimanga kwamba mteja maskini kama mimi hajapata kumwona. Akaweka balbu. Akatazama chumba, akatikisa kichwa. Akachukua tofali lake, akatoka, akafunga mlango.

Nikabaki nimesimama katikati ya chumba. Vinyweleo vya mikono vilikuwa vimeanza.

"Ko ko ko!"

Katika miji yote ile sikuwahi kuwa upande huu wa mlango. Nilichelewa kidogo kujibu, mpaka akagonga tena na kuniuliza kama nimekufa.

"Karibu," nikasema. "Pangusa miguu."